Mbao inatoka na tumbo ukiipasua kwenye bendisoo: usikimbilie vielekezi, anza na bledi

Msomaji ameniuliza kuhusu bendisoo, ule msumeno wa mashine wenye bledi ya utepe inayozunguka kwenye magurudumu mawili. Swali lenyewe nalinukuu kwa kifupi: "Shikamoo fundi. Nina bendisoo ya gurudumu inchi 14, mota hosipawa 1, bledi niliyofunga ni ya nusu inchi yenye meno 6 kwa inchi. Kazi ndogondogo inakata vizuri tu, ila nikisimamisha mbao ngumu ya upana wa inchi 6 niipasue mara mbili inatoka na tumbo, juu na chini unene uko sawa lakini katikati upande mmoja umejaa kama milimita 3 na mwingine umebonyea. Nimeambiwa shida ni vielekezi, ninunue vya beringi au vya seramiki, afu niweke bledi ya robo tatu inchi maana ndo ngumu zaidi. Hela niliyonayo sasa ni ya kitu kimoja tu, nianze na kipi?"

Marahaba. Hela ya kitu kimoja inunue bledi, na sio hiyo ya robo tatu. Nunua nusu inchi hiyohiyo lakini ya meno 3 kwa inchi, mpya, kali. Vielekezi ulivyonavyo, yaani vile vishikio vinavyoielekeza bledi pembeni, usiviuze wala usivitupe, nitakwambia namna ya kuviseti, huenda hata usihitaji vingine.

Sasa nakueleza kwa nini, maana najua umeambiwa tofauti na watu wengi. Soma tena swali lako mwenyewe. Juu sawa, chini sawa, tumbo katikati. Vielekezi viko wapi? Kimoja juu ya mbao, kingine chini ya meza. Yaani pale vielekezi vilipo bledi imenyooka, na pale ambapo hakuna kielekezi chochote wala hakiwezi kuwepo, kwa sababu ni ndani ya mbao, ndo bledi imepinda. Ukiweka vielekezi vya dhahabu bado katikati ya mbao hakuna mtu anayeishika bledi. Pale ndani inajishika yenyewe kwa vitu vitatu hasa: ukali wa meno, nafasi ya kubebea unga, na mkazo. Kimoja kikipungua inaanza kutafuta njia rahisi, na njia rahisi kwenye mbao mara nyingi ni kufuata nyuzi, sio kufuata mstari wako.

Kwenye hiyo bledi yako ya meno 6, naanza na nafasi ya unga kwa sababu hapo ndo naona ugonjwa ulipo. Ile nafasi iliyo kati ya jino na jino mimi naiita kifuko. Jino likiingia juu ya mbao linachimba, unga unaingia kwenye kifuko, na kifuko hakiwezi kumwaga mpaka kitokee chini ya mbao. Mbao ya inchi 1 kifuko kinatembea kidogo tu na kumwaga, ndo maana kazi ndogo bledi yako inakata vizuri. Mbao ya inchi 6 kifuko kinapokea unga kwa milimita 150 nzima, na unga ukishachimbwa unavimba, unachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko ulivyokua mbao. Kikijaa kabla ya kufika chini, unga wa ziada unatokea pembeni, unajibana kati ya bledi na ukuta wa mbao, na huo ndo unasukuma bledi upande. Ukiongeza nguvu ya mkono unaongeza tumbo.

Wengine wanadhani meno mengi ni sawa maana kazi inagawanywa kwa wengi. Hesabu yake iko hivi. Mashine za inchi 14 nyingi bledi inakimbia karibu mita 15 kwa sekunde, kwaiyo kwa meno 6 kwa inchi yanapita meno kama 3,500 kila sekunde, kwa meno 3 yanapita kama 1,770. Ukisukuma mbao kwa kasi ileile, kila jino kwenye bledi ya meno 3 linabeba unga mara mbili ya jino la bledi ya meno 6, hiyo kweli. Lakini kifuko chake kina urefu mara mbili na kina mara mbili, yaani eneo mara nne. Mzigo mara mbili, gunia mara nne. Bado una nusu ya gunia tupu ambayo mwanzo hukua nayo. Na kuna faida nyingine haisemwi sana, jino likichukua unga mwembamba mno linasugua badala ya kukata, linapata joto, linakufa mapema. Kwaiyo wewe ukiona tumbo ukapunguza kasi ya kusukuma ili kuiokoa, kwenye bledi ya meno mengi unaishia kuisugua tu mpaka inakua butu, afu ikishakua butu tumbo linarudi hata kwa kasi ya konokono. Huo mzunguko naufahamu, nimeuishi.

Kwa kupasua mbao za inchi 6 mpaka 8 tafuta meno 3 kwa inchi, au zile zinazochanganya 2 na 3 kwenye bledi moja, zinapunguza kutetemeka na uso unatoka laini kidogo. Umbo la jino liwe lile lililoinama mbele kama ndoana, nyuzi 10 hivi, sio lile lililosimama wima. Lililosimama wima linakwangua, lililoinama linajivuta lenyewe ndani ya mbao, unasukuma kwa nguvu ndogo. Na nguvu ndogo ya kusukuma ni nusu ya dawa ya tumbo, kwa sababu bledi inayosukumwa sana kutoka mbele inapinda kwanza kurudi nyuma, afu ikishindwa kupinda zaidi inajipindua pembeni. Chukua rula ya plastiki, isimamishe kwa ubavu wake mwembamba uikandamize, utaona inavumilia vumilia afu ghafla inachomoka kando. Ndivyo bledi inavyofanya ndani ya mbao.

Hapo sasa utaniuliza, si ndo maana bledi pana ni bora? Ndio na hapana, na hapa ndo watu wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Upana kweli unazuia kupinda kurudi nyuma, na unasaidia sana. Ila upana bila mkazo ni bure, na mashine yako haina mkazo wa kuipa robo tatu.

Twende na namba. Bledi ya kawaida ya kaboni inataka mkazo wa karibu psi (paundi kwa inchi mraba) 15,000, yaani megapaskali 100 na kidogo. Nusu inchi yenye unene wa inchi 0.025 ni kama mm 12.7 kwa 0.635, eneo lake milimita mraba 8. Megapaskali 100 mara 8 ni niutoni 800 kwa upande mmoja wa bledi, na bledi ina pande mbili zinazovuta gurudumu la juu, kwaiyo springi inatakiwa kusukuma niutoni 1,600, sawa na kubeba kilo 160 hivi. Mashine ya inchi 14 ikiwa nzima inafika hapo. Sasa chukua robo tatu yenye unene wa inchi 0.032, eneo linakua milimita mraba 15 na nusu, mkazo uleule unataka kilo 315. Na kama ni ya kabaidi au baimetali (nazieleza chini) ambazo zinapenda psi 25,000 kwenda juu, unazungumzia zaidi ya kilo 500 kwenye springi na bawaba zilizotengenezwa kwa ajili ya mzigo mdogo kabisa. Ukikaza, springi inabanana koili kwa koili, geji ya mashine inakuonyesha umefika robo tatu, lakini bledi bado inacheza kama kamba ya kuanikia nguo. Nusu inchi iliyokazwa kisawasawa inaipita robo tatu iliyolegea kila siku, sina mjadala kwenye hilo.

Afu kuna unene. Gurudumu dogo halipendi bledi nene, kila mzunguko bledi inakunjwa na kunyooshwa, ikiwa nene inapata nyufa ndogondogo kwenye mizizi ya meno na siku moja inakatika paa, unaruka. Kwa gurudumu la inchi 14 usizidi inchi 0.025, kama mm 0.6. Zile za 0.035 waachie wenye magurudumu ya inchi 18 na kuendelea.

Kuhusu ile geji ya mkazo iliyochorwa kwenye mashine, mimi siiamini, springi inachoka na inafupika na geji haijui. Ukiwa na venia kalipa ya dijitali unaweza kupima mwenyewe bila kununua kifaa chochote. Chomoa waya wa umeme kwanza. Kaza bledi kidogo tu, ile ya kuifanya inyooke. Bana taya za kalipa kwenye bledi kwa vibanio viwili vidogo, taya moja juu nyingine chini, umbali wa mm 150 kati yao, legeza skrubu ya kalipa iweze kuteleza, sifurisha. Sasa kaza mkazo wa mashine taratibu. Bledi inarefuka na kalipa inasoma. Ikifika mm 0.07 au 0.08 uko kwenye psi 15,000. Ikifika 0.15 uko karibu psi 29,000. Chuma ni chuma, kinarefuka vilevile iwe bledi pana au nyembamba, ndo uzuri wa njia hii. Ukiona umekaza mpaka mwisho na kalipa imegoma kwenye 0.04, basi springi ni mchovu au bado bledi ni pana kuliko uwezo wa mashine, na hapo springi mpya yenye nguvu zaidi ni pesa ndogo kuliko vielekezi. Nakuomba upime hata hiyo bledi yako ya sasa kabla hujaitoa, nina wasiwasi haifiki nusu ya inachotakiwa. Na ukimaliza kazi ya siku legeza mkazo, raba za gurudumu na springi zitakushukuru.

Aina ya bledi. Kaboni ya kawaida inatosha kuanzia, ukijua kwamba kwenye mbao ngumu ya upana huo itakua butu mapema na lazima ukubali kuibadilisha, watu wengi wanang'ang'ania bledi iliyokufa zamani. Dalili ya bledi kufa ni kwamba unga unakua vumbi laini kama poda badala ya chembechembe, harufu ya kuungua inaanza, na mkono unajikuta unasukuma kwa bega. Kuna baimetali, mgongo ni chuma cha springi na ukingo wa meno ni chuma kigumu cha hai spidi, mara nyingi ile ya M42 yenye kobalti asilimia 8, inadumu sana kuliko kaboni lakini inataka mkazo mkubwa. Kuna ya kabaidi, meno yamechomelewa vipande vya kabaidi na kusagwa, uso unatoka kama umerandwa, ni tamu kupita maelezo, ila bei yake ni mara kadhaa, na ukikuta msumari ndani ya mbao unalia. Kwa mota ya hosipawa 1 na mashine ya inchi 14 mimi ningekaa na kaboni nzuri au baimetali nyembamba. Kuna pia zile bledi za chuma chembamba cha springi chenye meno yaliyokazwa ncha tu, unene inchi 0.022 hivi, njia yake ni nyembamba kwaiyo mota inachimba mbao kidogo. Kwa mota ndogo hiyo ni neema, maana kila unga usiochimbwa ni nguvu umeokoa, na mbao pia umeokoa kama unapasua vinia za bei.

Ikifika bledi mpya, angalia kiungo chake kabla ya kuifunga. Weka mgongo wa bledi kwenye kitu kilichonyooka uone kama pale ilipochomelewa kuna kigongo au kona. Kiungo kibaya kinagonga beringi ya nyuma kila mzunguko, tik tik tik, na kila tik inaacha mstari kwenye mbao. Kiungo ndicho kilichochelewesha hii mashine yenyewe, wazo la bendisoo lilikuwepo mwanzoni mwa miaka ya 1800 lakini bledi zilikua zinakatika hovyo mpaka 1846 Mfaransa Anne Paulin Crépin alipopata hataza ya namna ya kuunganisha ncha ziweze kuvumilia kukunjwa. Kwaiyo ukikuta kiungo kibovu leo rudisha bledi, usijifanye utaisaga na kuizoea.

Haya, vielekezi. Sio kwamba havina kazi. Kazi yake ni kuzuia bledi isijipindue inapoingia mbaoni na kutoka, na beringi ya nyuma inazuia isirudi nyuma ukisukuma. Ila wengi wanavitumia kunyoosha bledi iliyokua inatembea vibaya, wanaisukuma kwa kielekezi mpaka ifuate mstari. Hapana. Bledi itembee vizuri vielekezi vikiwa vimerudishwa nyuma kabisa havigusi kitu, ndo ulete vielekezi taratibu mpaka karibu. Ukifanya kinyume unaficha ugonjwa.

Mimi mwenyewe kuna wakati nilinunua seti nzima ya vielekezi vya beringi, juu na chini, nikapoteza siku nzima kutoboa na kufunga, nikavisugua vinang'aa, nikaweka bledi ileile ya zamani kwa sababu hela imeisha. Nikapasua ubao wa kwanza. Tumbo. Lilelile, labda limepungua unene wa kucha. Nikakaa kwenye kiti nikaangalia mashine muda mrefu. Wiki mbili baadae nikafunga bledi mpya ya meno 3, nikarudisha hata vile vizuizi vya chuma vya kiwandani, yaani vielekezi vya zamani, ili tu nihakikishe, na mbao ikatoka imenyooka. Nilicheka peke yangu, ila sio kicheko kizuri.

Namna ya kuviseti, fuata hivi na usiruke. Mashine ichomolewe. Bledi imeshakazwa na inatembea katikati ya gurudumu la juu. Zungusha kwa mkono. Vielekezi vya pembeni vilete mbele mpaka uso wake ubaki nyuma ya mizizi ya meno kama mm 1 hivi, visiguse meno kamwe, kizuizi cha chuma kikigusa meno mara moja kimekula seti (ule mpindo wa meno kwenda pembeni) ya upande huo na kuanzia hapo bledi itavuta upande mmoja mpaka uitupe. Nafasi ya pembeni ni unene wa karatasi ya kuprintia, mm 0.1, kata vipande viwili vya karatasi weka kila upande, sogeza vizuizi viguse karatasi bila kuipinda bledi, kaza skrubu, toa karatasi. Angalia bledi wakati unakaza, vile viskrubu vya alenki vina tabia ya kuvuta kizuizi wakati wa mwisho. Beringi ya nyuma iache nafasi kidogo, karatasi mbili tatu, isizunguke mashine ikiwa haikati, izunguke pale tu unaposukuma mbao. Inayozunguka muda wote inachimbwa mfereji na inakufa.

Afu fanya hivyohivyo CHINI ya meza. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu nikiitwa kuangalia bendisoo ya mtu, naangalia chini kwanza na karibu kila mara nakuta vielekezi vya chini vimejaa unga uliogandamana na utomvu na vimekaa mbali na bledi sentimita nzima, mwenyewe hajavigusa tangu siku ya kununua. Hapo chini ndipo bledi inapotokea, ikishikwa juu tu inajizungusha.

Kitu kingine cha kupima ni nguzo inayobeba kielekezi cha juu. Iseti ikiwa chini, afu ipandishe mpaka inchi 6 uangalie tena nafasi. Nguzo nyingi hazishuki sambamba na bledi, ukiipandisha kielekezi kinahama, kwaiyo ulichoseti kwa karatasi ukiwa chini kikifika juu kinaisukuma bledi pembeni. Kama inahama, seti kila mara kwenye urefu unaotumia, ukiwa na kielekezi juu ya mbao kwa mm 6 tu, sio zaidi. Kila sentimita ya bledi iliyo wazi ni udhaifu wa bure.

Sasa aina zake, kwa siku ukiwa na hela. Vizuizi vya chuma vya kiwandani vinafanya kazi, vipige msasa juu ya kioo mpaka uso uwe bapa na kona ziwe kali. Vya mbao unajitengenezea mwenyewe, mbao ngumu nzito yenye mafuta, zamani walipenda lignum vitae, unaviloweka mafuta na unaweza kuvisogeza mpaka viguse kabisa bledi bila kuidhuru, vikiisha unakata vingine. Mimi kwa bei na matokeo naanza na hivyo, sio utani. Vya fenoli (plastiki ngumu) vyenye grafiti ndani ni wazo lilelile ila vinadumu zaidi. Vya beringi vinazunguka na bledi, havina msuguano mwingi, lakini unga wenye utomvu unabanwa kati ya beringi na bledi unakua kama kigamba, bledi inaanza kurukaruka na makelele juu, kwaiyo kwenye mbao mbichi au yenye utomvu mwingi sivipendi. Vya seramiki ndo navyovikubali zaidi kwa kupasua, ni vigumu mno haviliki, unavisogeza karibu sana, na vinakwangua utomvu kwenye bledi wakati inapita, kazi ambayo beringi haiwezi. Ukishamalizana na bledi na mkazo, seramiki itakupa uso msafi zaidi na bledi haitajipindua ukikutana na fundo. Ila iwe ya pili kwenye foleni.

Fensi yako, ule ukuta mbao inaoegemea ukisukuma, lazima iwe ndefu kwenda juu, ubao wa kuuzuia wa inchi 4 au 5 uliofungwa kwenye fensi ya kawaida, na uwe wima sambamba na bledi. Kabla ya hapo hakikisha meza iko skwea na bledi kwa pembeni. Chukua kipande cha mbao, kikate kidogo kwa mbele, zima mashine, kizungushe ukilete nyuma ya bledi, mgongo wa bledi ukiingia kwenye mkato bila kubishana, meza iko sawa. Kuhusu bledi kuvuta upande, ikivuta mara nyingi ni seti ya meno haiko sawa au bledi haijakaa katikati ya gurudumu, kwa sababu gurudumu lina mgongo kidogo na bledi ikikaa kwenye mteremko inaangalia pembeni. Isogeze kwanza kwa skrubu ya kutembeza bledi. Ikibaki kuvuta kidogo, chora mstari kwenye ubao chakavu, ukate kwa mkono bila fensi mpaka katikati, simama, chora pembe uliyojikuta umeshika ubao, seti fensi kwa pembe hiyo. Kumbuka tu kwamba kuvuta upande na tumbo ni magonjwa mawili, ya kwanza fensi inatibu, ya pili haitibu.

Raba za magurudumu zisafishe kwa brashi mashine ikiwa imechomolewa, utomvu na unga ukiganda juu yake ni kama kukimbia na jiwe kwenye kiatu.

Kusukuma. Mimi kwa hosipawa 1 na mbao ngumu ya inchi 6 natoa mita moja kwa dakika mbili hadi tatu, na nasikiliza mota. Ikianza kushuka sauti nalegeza mkono kabla haijalalamika. Kasi iwe moja tangu mwanzo mpaka mwisho, ukisimama katikati kupumzika bledi inachora mstari. Mbao iwe imerandwa uso mmoja unaoegemea fensi na ubavu mmoja unaokaa mezani, bila hivyo inayumba na unailaumu bledi bure. Mwishoni tumia kipande cha mbao kusukumia, vidole visiwe kwenye mstari wa bledi hata siku moja, kwa sababu mbao ikibakiza sentimita chache inapasuka ghafla na mkono unafuata. Glavu hapana. Barakoa ndio.

Na ujiandae, hata mkato ukiwa mzuri mbao inaweza kukunjika yenyewe dakika ulipoigawa, kwa sababu ndani ilikua na unyevu tofauti na nje au imekaushwa kwa haraka ikabaki na msongo. Hilo nalo watu wanaliita tumbo. Utalitofautisha hivi: pima unene kwa kalipa juu, katikati na chini. Unene ukiwa sawa kote lakini ubao umejikunja, bledi haina kosa, acha milimita 3 za ziada kila kipande, vipange kwa vijiti katikati hewa ipite pande zote, visubiri siku kadhaa afu ndo urande. Unene ukitofautiana katikati, rudi kwenye kalipa ya mkazo na uhesabu meno upya.

Hiyo bledi yako ya meno 6 usiitupe ikiwa bado ina uhai, inafaa kukata mbao nyembamba, ifunge kwa kazi hizo.